Je, pesa ya kijani hulipa kidogo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuwekeza na mazingira

Maswali haya yametoka kwa wanakikoba, kwa jamaa wanaopiga simu wakisikia tangazo la hatifungani redioni, na kwa vijana walioko Ulaya wanaotaka kujua wapeleke wapi akiba zao. Anayejibu ni mhazini wa kikundi, si dalali wala mshauri mwenye leseni. Pale nilipo na maoni yangu nimeyasema wazi, ili usiyachanganye na takwimu.

Tuanze na lenyewe. Mtu wa kawaida hukubali kupata faida ndogo ili mazingira yanufaike?

Hukubali kwa mdomo kuliko kwa mkono. Ukimuuliza barazani atakwambia ndiyo, bila shaka, mvua zenyewe unaziona zilivyoharibika. Ukimwekea karatasi mbili mezani, moja ya kijani yenye riba pungufu na nyingine ya kawaida yenye riba kamili, kimya kinaingia.

Hata hivyo wapo wanaokubali kweli, na tafiti zimewapata. Kinachovuruga mjadala ni jambo jingine: mara nyingi hakuna aliyewapa watu nafasi ya kuchagua. Hatifungani nyingi za kijani, hasa za kwetu, hulipa sawasawa na za kawaida. Mtu akinunua huwezi kujua kama alivutwa na mazingira au na asilimia. Akisema "nimenunua kwa ajili ya vizazi vijavyo", mwamini ukipenda, ila hajalipia kauli hiyo hata senti.

Hatifungani ya kijani ni kitu gani hasa?

Ni deni kama deni lingine. Unamkopesha mtoaji, yaani aliyeiuza hatifungani, naye anakulipa riba kwa vipindi mlivyokubaliana na kukurudishia mtaji siku hatifungani inapoiva. Ukijani uko kwenye ahadi ya matumizi tu: pesa zitakwenda kwenye maji, umeme wa jua, majengo yanayotumia nishati kidogo na kadhalika, na mtoaji atatoa taarifa ya kuonyesha zilikokwenda.

Watu wengi hawalioni jambo hili: anayekulipa si mradi, ni mtoaji. Benki ikitoa hatifungani ya kijani na mitambo ya jua iliyokopeshwa ikafa, bado benki inadaiwa nawe. Kwa hiyo hatari unayobeba ni ile ile ya kuikopesha benki hiyo siku ya kawaida. Ndiyo maana riba nayo huwa haitofautiani sana.

Zile za kwetu, Kijani ya CRDB na ile ya maji ya Tanga, nikizinunua nimekosa riba kiasi gani?

Kwa ninavyoona mimi, hukukosa kitu cha kuonekana kwa macho. Lakini tuzitazame moja moja, maana kila moja ina funzo lake.

Benki ya CRDB iliuza hatifungani yake ya Kijani mwaka 2023: miaka mitano, riba asilimia 10.25 kwa mwaka, kiwango cha chini shilingi 500,000. Ililenga shilingi bilioni 40, zikaja bilioni 171.8, zaidi ya mara nne. Magazeti yakaandika kwamba Watanzania wameonyesha mwamko wa mazingira. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya tawi siku zile na sikusikia mtu akitaja kaboni. Nilisikia "kumi na robo" ikitajwa mara nyingi, tena kwa sauti ya mtu aliyechoka na riba ya akaunti ya akiba. Na usisahau kwamba katika mauzo ya namna hii wamo pia wawekezaji wakubwa wenye mabilioni yao, si mimi na wewe tu.

Ya Tanga ina utamu wake. Mamlaka ya maji ya Tanga ilizindua hatifungani yake Februari 2024, ikitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Ikapata kiasi cha bilioni 54.7, kisha ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Pesa ni za kupanua huduma ya maji, ikiwemo kukuza chujio la Mowe kutoka mita za ujazo 42,000 kwa siku hadi 60,000. Malipo yake hayatoki Hazina, yanatoka kwenye ankara za maji. Mwenyeji wa Ngamiani akifungua bomba asubuhi, ndiye anayekulipa riba yako. Kama una shangazi kule, mpigie umshukuru.

Sasa jiulize: asilimia 13.5 ni sadaka? Si sadaka. Ni riba ambayo mamlaka ya maji ilibidi iiweke ili watu wasiozoea kuikopesha mamlaka ya maji waje. Hapo ukijani haukupunguza bei, na unaweza kusema ugeni wa mtoaji ndio uliokupa nyongeza.

Kulinganisha kwa haki ni kuweka mtoaji yule yule, muda ule ule, siku ile ile, mmoja kijani na mwingine si kijani. Kwetu sijaona mauzo ya namna hiyo. Kwingine yapo.

Kwingine wapi, na walipata nini?

Ujerumani ndiyo waliofanya kwa unadhifu kuliko wote. Septemba 2020 serikali yao iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10 yenye thamani ya euro bilioni 6.5, huku ikiwa na "pacha" wake wa kawaida: tarehe ile ile ya kuiva, kuponi (riba iliyoandikwa kwenye hati) ile ile, mdaiwa yule yule. Tofauti ni rangi tu. Pacha wa kijani alipouzwa, wanunuzi walikubali faida pungufu kwa takribani sehemu moja ya mia ya asilimia moja. Wenye soko huiita pointi ya msingi. Baadaye pengo likapanuka kidogo, kisha likasinyaa tena.

Nchini Marekani watafiti wawili, David Larcker na Edward Watts, walichukua hatifungani za miji na majimbo, wakatafuta jozi 640 ambazo mtoaji mmoja aliuza ya kijani na ya kawaida siku moja kwa masharti yanayofanana. Katika asilimia 85 ya jozi hizo tofauti ya faida ilikuwa sifuri kamili. Si ndogo, ni sifuri. Wengine waliotumia njia tofauti wamepata pointi mbili, wengine sita.

Tuziweke kwenye pesa yetu. Ukiwa na shilingi milioni 2, pointi moja ya msingi ni shilingi 200 kwa mwaka, yaani andazi moja. Pointi sita ni shilingi 1,200. Huo ndio "mzigo" unaozungumzwa kwenye makongamano.

Lakini hao ni mabenki na mifuko mikubwa. Kuna nchi iliyowauzia wananchi wenyewe kwa riba pungufu?

Ipo, nayo ni mfano ninaoupenda kuliko yote, maana ni nadra serikali kuwaambia raia wake waziwazi kwamba hii ni ya kijani na inalipa kidogo.

Oktoba 2021, siku chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Glasgow, shirika la akiba la serikali ya Uingereza, NS&I, lilianza kuuza hatifungani za akiba za kijani kwa watu binafsi. Kuanzia pauni 100 hadi pauni 100,000 kwa mtu, miaka mitatu, huwezi kutoa kabla ya muda. Riba: asilimia 0.65 kwa mwaka. Mwezi huo huo mfumuko wa bei kwao ulikuwa asilimia 4.2, na benki ndogo ndogo zilikuwa zikitoa zaidi ya mara mbili ya riba hiyo kwa akiba ya miaka mitatu.

Piga hesabu ya mtu mwenye pauni 1,000. Baada ya miaka mitatu NS&I ingempa kama pauni 20. Kwingine angepata arobaini na kitu, hamsini. Huyu anaombwa atoe zaidi ya nusu ya faida yake. Hiyo si pointi moja ya Wajerumani.

Waandishi wa habari za fedha waliishambulia siku ya kwanza. Februari 2022 riba ikapandishwa hadi asilimia 1.30, mara mbili kamili. Mwaka huo huo ikafika 3.00, Februari 2023 ikawa 4.20, Agosti 2023 ikawa 5.70. Kwa haki ya NS&I, riba za nchi nzima zilikuwa zinapanda wakati huo, kwa hiyo si kila hatua ni ungamo. Lakini kile cha 0.65 hakikurudi tena.

Funzo ninalolipata mimi ni hili. Mtu wa kawaida anaweza kukubali kukatwa kidogo. Akihisi anafanywa mjinga, hata mpenda miti anakwenda benki ya jirani. Tena huyo mpenda miti anaweza kuchukua faida kamili ya kule na kuipeleka kwenye chama cha kupanda miti, akabaki na chenji.

Watu wakiulizwa kwa namna ya kuwabana, wanasemaje?

Uholanzi kuna mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa maduka, Pensioenfonds Detailhandel. Uliwaambia wanachama wake: tupigieni kura kama tuongeze juhudi za uwekezaji endelevu kwa pesa zenu za uzeeni, nasi tutafuata wengi watakavyoamua. Hapo si mchezo tena, ni pensheni ya mtu aliyesimama kaunta miaka thelathini. Asilimia 67.9 walisema ongezeni. Watafiti Rob Bauer, Tobias Ruof na Paul Smeets walipochimba sababu, hawakukuta kwamba watu walitarajia kupata zaidi. Wengi waliunga mkono kwa sababu waliona ni jambo jema.

Sasa vuka bahari. Watafiti wakiongozwa na Stefano Giglio waliwauliza wateja wa Vanguard, kampuni kubwa ya uwekezaji ya Marekani. Kwa wastani wateja hao walitarajia uwekezaji wa kimazingira na kijamii ulipe pungufu ya soko. Walipoulizwa sababu ya kuwekeza humo, asilimia 45 hawakuona sababu yoyote, robo walitaja maadili, zaidi kidogo ya moja ya tano walitaja kujikinga na madhara ya tabianchi, na asilimia 7 tu ndio walisema unalipa vizuri.

Mabango ya kampuni za mifuko ya uwekezaji husema "fanya wema upate zaidi", ilhali mteja anayekuja kwa ajili ya "zaidi" ni 7 kati ya 100. Wanaomjua mteja wao vizuri wangesema naye kuhusu wema na kunyamaza juu ya faida. Hilo lakini haliuzi, au wanadhani haliuzi.

Je, wanaokubali kukatwa wanajali matokeo, au jina la "kijani" linawatosha?

Hapa ndipo panaponiuma. Florian Heeb na wenzake waliwapa wawekezaji wenye uzoefu uwekezaji wa aina mbili: mmoja unaokoa nusu tani ya kaboni, mwingine unaokoa tani tano. Mara kumi zaidi! Watu walikuwa tayari kulipia ukijani, ila kwa tani tano walitoa karibu kile kile walichotoa kwa nusu tani. Walilipia ile hali ya moyo kutulia, na moyo haupimi tani.

Mwaka 2016 kampuni ya Morningstar ilianza kuipa mifuko ya uwekezaji alama za picha za dunia, moja hadi tano, kwa uendelevu. Samuel Hartzmark na Abigail Sussman walifuatilia pesa. Iliyopata dunia moja ilikimbiwa na zaidi ya dola bilioni 12, na iliyopata tano ikamiminiwa zaidi ya bilioni 24. Ya mbili, tatu na nne? Pesa hazikutikisika. Na hawakupata ushahidi kwamba mifuko ya dunia tano ililipa vizuri kuliko ya dunia moja. Watu walitazama picha, wakasoma ncha mbili tu za mizani, wakahamisha mabilioni.

Nimeambiwa mifuko ya kijani imelipa kuliko ya kawaida. Uongo?

Kwa miaka fulani ni kweli, na sababu yake inafaa kueleweka. Kadiri watu wengi walivyoanza kuogopa mabadiliko ya tabianchi miaka ya 2010, walikimbilia hisa za kijani, na hisa ikikimbiliwa bei inapanda. Aliyetangulia kununua akanufaika. Ľuboš Pástor, Robert Stambaugh na Lucian Taylor wameonyesha kwamba ukiondoa mshangao huo wa watu kuzidi kujali, ile faida ya ziada inayeyuka. Hamu ya wanunuzi huwezi kuihesabu kila mwaka kama ni mshahara.

Kisha ukaja mwaka 2022. Urusi iliposhambulia Ukraine, mafuta na gesi vikapaa, na kampuni za mafuta zikapaa navyo. Mfuko uliokuwa umezikwepa ukabaki umekaa pembeni ukitazama. Aliyeingia 2020 kwa sababu ya "kijani hulipa zaidi" akatoka 2022 akilaani. Aliyeingia akijua kwamba kuna miaka ya namna hiyo hakutoka.

Nikinunua hisa za kampuni ya umeme safi sokoni, naisaidia?

Kidogo sana. Pesa yako inakwenda kwa aliyekuuzia, si kwa kampuni. Kampuni hupata pesa siku inapouza hisa mpya au hatifungani kwenye soko la awali.

Chukua KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya. Umeme wake mwingi hutoka kwenye maji na mvuke wa ardhini wa Olkaria. Huwezi kupata hisa ya kijani kuliko hiyo Nairobi. Mwaka 2006 serikali ya Kenya ilipouza sehemu yake kwa shilingi 11.90 kwa hisa, watu waliuza ng'ombe, wakakopa, maombi yakazidi hisa zaidi ya mara tatu. Hakuna aliyekuwa akizungumza tabianchi: walitaka bei ipande, na ikapanda kweli wiki za mwanzo. Mwaka 2023 hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 3. Mvuke wa Olkaria uliendelea kuwa safi muda wote huo. Usafi wa umeme na bei ya hisa ni vitu viwili.

Kama tofauti ya riba ni andazi, hasara iko wapi?

Iko kwenye ada. Tena nasema kwa sauti, maana nimeona ndugu walioko Ulaya wanavyoliwa. Mfuko wa kawaida unaofuata soko zima unaweza kukutoza sehemu ndogo tu ya asilimia moja kwa mwaka. Mfuko wenye jani kwenye nembo na meneja mwenye tai ya kijani unaweza kukutoza asilimia moja na nusu. Kwa zile milioni 2 zetu, asilimia 1.5 ni shilingi 30,000 kwa mwaka, mwaka wa faida na mwaka wa hasara. Linganisha na lile andazi la shilingi 200.

Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi natoa sadaka ya faida yangu kwa ajili ya dunia", muulize sadaka hiyo inapokelewa na nani. Mara nyingi inapokelewa na kampuni ya mfuko, si na msitu.

Nitajuaje kwamba ni kijani kweli, si rangi tu?

Usitegemee jina. Septemba 2023 tume ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza DWS, kampuni ya uwekezaji iliyo chini ya Deutsche Bank, dola milioni 19 kwa kueleza vibaya jinsi ilivyotumia vigezo vya mazingira. Mwaka 2025 waendesha mashtaka wa Frankfurt wakaongeza faini ya euro milioni 25. Aliyefichua alikuwa mkuu wao mwenyewe wa uendelevu, Desiree Fixler. Kabla ya DWS, BNY Mellon na Goldman Sachs nao walikuwa wamelipa faini zao mwaka 2022.

Kwa hatifungani za hapa, soma waraka wa matarajio, yaani maelezo ambayo mtoaji huyatoa anapouza, sehemu ya matumizi ya fedha. Ukikuta miradi yenye majina na vipimo, kama lile chujio la Mowe, una kitu cha kushika. Ukikuta "miradi mbalimbali rafiki kwa mazingira" bila zaidi, umeshika moshi. Halafu mwaka unaofuata omba taarifa ya matumizi. Wengi wanaonunua hawaiombi kamwe, na mtoaji akishajua hakuna anayeiomba, unadhani atafanyaje?

Kuna mtu anayelipia upande wa kijani badala yangu?

Mara nyingi ndiyo. Kenya iliamua mwaka 2019 kuondoa kodi kwenye riba ya hatifungani za kijani zilizoorodheshwa. Mwaka huo huo Acorn, wajenzi wa hosteli za wanafunzi Nairobi, waliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 4.3 kwa asilimia 12.25, na shirika la dhamana la GuarantCo likabeba nusu ya mtaji endapo mambo yangeharibika. Mwekezaji akapata riba nzuri, kodi imeondolewa, nusu ya hatari ina mbebaji mwingine. Aliyelipia ukijani hapo ni mlipa kodi na wafadhili wa dhamana, wala si mnunuzi. Nawe hukualikwa: iliuzwa kwa wawekezaji wakubwa tu. Kodi hubadilika kila bajeti, kwa hiyo kabla ya kununua muulize dalali wako hali ya mwaka huu.

Mimi ni Mwislamu, sichukui riba. Mazungumzo haya yananihusu?

Yanakuhusu kuliko unavyofikiri. Ukitaka kuona watu wa kawaida wanaoacha faida kwa ajili ya wanachokiamini, nenda Zanzibar, Mombasa, au Kariakoo. Wapo wenye akaunti benki wanaoiambia benki wazi: riba siitaki. Hakuna aliyewapa dodoso. Wameacha fedha halisi, mwaka hadi mwaka, tena bila kutangaza. Wataalamu wa Ulaya wanaosafiri mbali kutafuta mwekezaji mwenye maadili wangeweza kuanzia kwenye duka la vitambaa.

Kwa upande wa mazingira kuna sukuk za kijani, yaani hati za uwekezaji zinazofuata sheria ya Kiislamu, zisizo na riba. Indonesia ilitoa ya kimataifa ya dola bilioni 1.25 mwaka 2018, na Novemba 2019 ikawauzia wananchi wake ya kwanza ya rejareja, kuanzia rupia milioni moja, faida isiyopungua asilimia 6.75. Wanunuzi wengi walikuwa vijana.

Kikoba chetu kina akiba kidogo. Tufanyeje hesabu kabla ya kununua?

Tafuteni hatifungani ya kawaida ya muda unaokaribiana, ya serikali au ya benki yenye nguvu ile ile, muandike riba zote mbili kwenye daftari. Mfano, mna milioni 2 na ya kijani iko chini kwa nusu asilimia kwa miaka mitano. Hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwaka, 50,000 kwa miaka yote. Kisha mjadili kwa sauti: tuko tayari kutoa 50,000 kwa mradi huu? Kikundi kikisema ndiyo, kinunue kwa amani. Kikiguna, kinunue ya kawaida, na kama kinapenda kipeleke 20,000 kwenye miche.

Angalieni pia muda. Miaka kumi ni mingi kwa kikundi ambacho wanachama wake wanahitaji ada za shule kila Januari. Mnaweza kuuza kabla haijaiva, kupitia dalali, lakini lazima apatikane mnunuzi, na bei ya siku hiyo huenda ikawa chini ya mliyonunulia. Sisi tulishawahi kungoja wiki kadhaa. Mwanachama aliyekuwa na mgonjwa hospitali hakutaka kusikia habari za soko la upili.

Na wewe mwenyewe umenunua?

Nimenunua ile ya Tanga. Nilijaza fomu kwa ajili ya 13.5. Waraka wenyewe, wenye habari za mto Zigi na chujio la Mowe, niliusoma kwenye basi nikirudi nyumbani, nikiwa nimeshalipa.